Kipimo Kinachobadili Mapishi ya Kiwandani

Kupima wasifu wa virutubishi ni kukipa chakula alama au daraja kulingana na vilivyomo ndani yake: nishati, sukari, chumvi, mafuta, protini, makapi mlo (nyuzinyuzi), na kiasi cha matunda, mboga au karanga. Mpimaji haangalii picha iliyochorwa kwenye pakiti wala sifa zilizoandikwa juu yake. Huchukua gramu 100 za chakula, au mililita 100 za kinywaji, akasoma majibu ya maabara, kisha akafuata kanuni ileile kwa biskuti, mtindi, tambi na kaukau. Kwa kuwa kiasi kinachopimwa ni kimoja, bidhaa mbili za aina moja huweza kulinganishwa hata kama moja inauzwa kwenye kifuko kidogo cha mwanafunzi na nyingine kwenye kopo kubwa la familia.

Serikali mbalimbali hutumia kipimo hiki kuamua ni tangazo gani lisirushwe watoto wakiwa mbele ya televisheni, pakiti gani iwekewe onyo, kinywaji gani kitozwe kodi zaidi, na chakula gani kisiuzwe katika duka la shule. Hata hivyo faida yake kubwa, isiyotajwa sana, hupatikana kabla chakula hakijafika dukani. Mtengenezaji akishajua mstari umechorwa wapi, hurudi kwenye mapishi yake na kupunguza sukari, chumvi au mafuta ili bidhaa yake ivuke. Hapo hufaidika hata mlaji asiyesoma lebo, asiye na muda wa kusoma, au aliyetumwa dukani na mama yake akiwa na miaka saba.

Mjini Morogoro, nchini Tanzania, chini ya safu za milima ya Uluguru, pande zote za jambo hili ziko jirani. Mkoa una viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Mkulazi, na miwa inayolimwa huko hulisha familia nyingi za wakulima wadogo na vibarua. Una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984 na kuitwa kwa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki Aprili mwaka huohuo kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani humohumo. Chuoni hapo hufundishwa sayansi ya chakula na lishe ya binadamu. Una pia wasindikaji wadogo wengi: wa unga wa lishe, siagi ya karanga, mtindi, matunda yaliyokaushwa, kaukau za ndizi na mihogo. Juu yao kuna mlima wenyewe, ambako Mgeta hutoa mboga na matunda ya nchi za baridi, na Kinole, Mkuyuni na Matombo hutoa ndizi, mananasi na viungo kama pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu.

Haja ya kipimo inatokana na mizigo miwili ambayo Tanzania inaibeba kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wakati huohuo magonjwa yanayohusiana na ulaji yanaongezeka. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kiasi cha mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari. Katika utafiti wa 2015/16, asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na bibi mwenye kisukari, na wote wawili wakala kutoka duka lilelile la mtaani.

Mfumo uliotumika kwa muda mrefu, na ambao umezaa mifumo mingine mingi, ni wa Uingereza. Ulitengenezwa mwaka 2004 na 2005 na timu ya Mike Rayner wa Chuo Kikuu cha Oxford, na kuanzia 2007 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ikautumia kudhibiti matangazo ya vyakula katika vipindi vya watoto. Kanuni yake ni ya kujumlisha na kutoa. Chakula hupewa alama 0 hadi 10 kwa kila kimojawapo cha vitu vinne: nishati, mafuta shibe (yale yanayoganda kwenye ubaridi, kama samli na sehemu kubwa ya mafuta ya mawese), sukari na sodiamu iliyo kwenye chumvi. Kisha hupunguziwa alama 0 hadi 5 kwa kila kimojawapo cha vitu vitatu: matunda, mboga na karanga, makapi mlo, na protini. Chakula kinachobaki na alama 4 au zaidi huhesabiwa kuwa si cha afya. Kwa kinywaji, alama 1 inatosha kukiangusha.

Hesabu hii huwa nyepesi ikifanywa kwa vyakula vinavyojulikana. Mtindi mtupu wa maziwa ya ng'ombe, wenye takriban gramu 2 za mafuta shibe, gramu 4.7 za sukari ya asili ya maziwa na gramu 3.4 za protini katika gramu 100, hupata alama moja ya mafuta na moja ya sukari, kisha protini inazifuta zote mbili. Unabaki na sifuri. Msindikaji akitia gramu 10 za sukari katika kila gramu 100, alama za sukari hupanda hadi 3, nishati nayo huongeza moja, na kwa kuwa maziwa yamepungua, protini haipunguzi tena alama mbili, inapunguza moja tu. Mtindi uleule unafika alama 4 na kuanguka. Akitia gramu 5 badala ya 10, unashuka hadi alama 1 na kupita. Gramu tano ni kama kijiko kimoja cha chai. Hakuna mashine mpya inayohitajika hapo, na gharama ya sukari inapungua. Kinachohitajika ni mtengenezaji kujua kwamba kijiko hicho kimoja ndicho kilichokuwa kikimweka upande mbaya.

Kaukau za muhogo zina habari ngumu zaidi. Zikikaangwa kwa mafuta ya mawese na kutiwa chumvi ya kawaida, nishati huzipa alama 6, mafuta shibe 10 na chumvi 4, jumla 20. Makapi mlo ya muhogo yakitoa 4, zinabaki 16. Zikikaangwa kwa mafuta ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma huyatoa kwa wingi, alama za mafuta shibe hushuka hadi karibu 3. Chumvi ikipunguzwa nusu, inabaki na 2. Jumla mpya ni 7. Bado zimeanguka, kwa sababu mstari uko kwenye 4, lakini zimeshuka kutoka 16, na hilo kwa mwili wa mlaji ni tofauti kubwa. Kipimo kizuri kinapaswa kuionyesha safari hiyo. Mfumo unaojibu ndiyo au hapana peke yake ungemwambia mkaangaji huyu kwamba jitihada zake zote hazina maana.

Karanga za kukaanga zinaonyesha upande wa pili. Zina mafuta mengi na nishati nyingi, na kwa hesabu ya nishati pekee zingefukuzwa mapema. Lakini makapi mlo, protini na kule kuwa karanga huziondolea alama 15, hata zikabaki na hesabu iliyo chini ya sifuri. Zikitiwa chumvi ya wastani bado hupita. Soda ya kawaida, yenye sukari gramu 10 hadi 11 kwa mililita 100, haina cha kuitetea. Ikipunguzwa hadi gramu 8 bado inaanguka, na hupita tu ikishuka hadi gramu 4.5. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kawaida ina takriban gramu 37 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikiwezekana asizidi 25.

Zipo nchi zilizochagua njia nyepesi zaidi kuliko kujumlisha na kutoa: kuweka ukomo kwa kila kirutubishi. Chile ilipitisha sheria yake mwaka 2012 na kuanza kuitekeleza Juni 2016. Chakula au kinywaji kinachozidi ukomo huwekewa mbele ya pakiti alama nyeusi yenye pembe nane, moja kwa kila kosa: nishati, sukari, mafuta shibe au sodiamu. Ukomo wenyewe ulikazwa hatua kwa hatua hadi 2019, ulipofika gramu 10 za sukari na miligramu 400 za sodiamu katika gramu 100 za chakula kigumu. Chakula chenye alama hizo hakiruhusiwi kuuzwa shuleni wala kutangazwa kwa watoto. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulipungua kwa kiasi cha robo, na viwanda vingi vilibadili mapishi ili kuepuka pembe nane hizo. Uingereza nayo ilitangaza mwaka 2016 kwamba kuanzia Aprili 2018 vinywaji vyenye sukari gramu 5 au zaidi kwa mililita 100 vingelipa kodi. Katika miaka hiyo michache, sehemu ya vinywaji vilivyozidi kiwango hicho ilishuka kutoka karibu nusu ya vyote hadi asilimia 15. Wenye viwanda hawakusubiri siku ya kodi. Walipunguza sukari tangu tangazo lilipotolewa.

Kila mfumo una mwanya wake. Ukomo ukiwa gramu 10, bidhaa zitasongamana kwenye gramu 9.9. Nchini Chile nafasi ya sukari iliyotolewa katika vinywaji ilijazwa kwa vikoleza utamu visivyo na nishati, kwa hiyo watoto walibaki wamezoea utamu uleule mkali. Ndiyo maana mifumo ya karibuni, ukiwemo wa Mexico, huweka pia onyo kwa vikoleza utamu.

Afrika haikubaki nyuma kabisa. Mwaka 2019 ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha mfumo wake wa wasifu wa virutubishi, uliokusudiwa hasa kuzuia matangazo ya vyakula visivyofaa kwa watoto. Afrika Kusini ilikuwa imeshaweka ukomo wa lazima wa sodiamu kwenye mkate, kaukau, soseji na supu za unga, ulioanza Juni 2016, na Aprili 2018 ikaanza kutoza vinywaji vya sukari. Kenya imeandaa mfumo wake wa kitaifa kupitia Wizara ya Afya. Jambo hilo linaihusu Tanzania moja kwa moja, kwa kuwa bidhaa huvuka Namanga na Horohoro kila siku, na kiwanda kinachopika kwa ajili ya soko la Nairobi hakitapenda kupika mara mbili.

Tanzania ina msingi wa kujengea. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Tangu 2019 usalama na ubora wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Uandikaji wa lebo unaongozwa na viwango vya Afrika Mashariki vinavyoeleza nini kiandikwe kwenye pakiti na namna ya kutaja virutubishi. Lakini jedwali hilo hukaa nyuma, kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza, likiwa na miligramu ambazo mnunuzi hana cha kuzilinganisha nacho. Kuhesabu alama kwa niaba yake na kuiweka mbele, kwa Kiswahili, ni hatua iliyo ndani ya uwezo wa taasisi zilizopo.

Hesabu inahitaji takwimu. Mwaka 2008 Tanzania ilichapisha majedwali ya virutubishi vya vyakula vyake, kazi ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Humo mna ugali, kisamvu, dagaa, maandazi na vyakula vingine ambavyo majedwali ya Ulaya hayavijui. Msindikaji wa Kihonda, mjini Morogoro, anayechanganya mahindi, soya, karanga na ulezi anaweza kukadiria wasifu wa unga wake kwa majedwali hayo na mizani ya jikoni kabla ya kulipia kipimo cha maabara. Makadirio hayatoshi kwa lebo, lakini yanatosha kumwonyesha ni kiungo kipi kinamwangusha, na kumwepusha na gharama ya kupima mapishi ambayo yangebadilishwa hata hivyo.

Kupunguza sukari, chumvi na mafuta kwenyewe ni kazi ya ufundi, na hapa ndipo wataalamu wa chakula wa SUA na maofisa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanapohitajika kuliko mahali pengine popote. Chumvi kwenye mkate hutuliza hamira na kuukaza unga; ikiondolewa yote kwa siku moja, mkate huumuka ovyo na kukosa umbo. Sukari kwenye jemu huyafunga maji yasitumiwe na ukungu. Jemu yenye sukari kidogo huhitaji asidi zaidi, uchemshaji makini na jokofu baada ya kufunguliwa. Kwa kaukau, vipande vinene hunywa mafuta machache kuliko vyembamba, na kuvichuja vikiwa bado vya moto huondoa mafuta ambayo vingeyafyonza vikipoa. Ladha nayo hufundishika. Uingereza ilianza mwaka 2003 kupunguza chumvi kidogo kidogo katika mamia ya bidhaa kwa viwango vilivyokubaliwa na viwanda, na wastani wa ulaji ukashuka kutoka gramu 9.5 kwa siku mwanzoni mwa muongo huo hadi 8.1 mwaka 2011. Kwa kuwa hatua zilikuwa ndogo, ulimi wa walaji ulizoea njiani.

Uluguru inaweza kusaidia katika kazi hii kwa namna ambayo haijatumiwa inavyostahili. Harufu ya mdalasini na iliki huufanya ulimi uhisi utamu zaidi ya ule uliomo, kwa hiyo mtindi wenye nusu ya sukari na iliki ya Mkuyuni hauonekani kuwa umepungukiwa. Pilipili manga na ndimu hufanya kazi hiyohiyo kwa chumvi kwenye kaukau na karanga. Ndizi mbivu na nanasi la Kinole, vikitiwa kwenye mtindi vikiwa tunda zima lililopondwa, huleta utamu pamoja na makapi mlo. Mgeta kuna maziwa ya mbuzi wenye asili ya Norway, walioletwa kupitia SUA katika miaka ya 1980, ambayo wafugaji wamekuwa wakiyasindika kuwa mtindi. Bidhaa hizi zikipimwa kwa haki zina nafasi ya kushinda biskuti zinazotoka mbali, na wakulima wa milimani wakapata soko la viungo na matunda yao hapohapo mjini badala ya kungoja mnunuzi wa Dar es Salaam.

Yapo mambo ambayo wasifu wa virutubishi hauyaoni, na ni hatari kuyasahau. Haupimi sumukuvu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na unga wa mahindi hayohayo ungeweza kupata alama nzuri kabisa. Kwa unga wa lishe wa watoto, unaochanganya mahindi na karanga, kipimo cha sumukuvu lazima kitangulie. Wasifu haupaswi pia kununuliwa kwa vitamini. Tanzania imeweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa mahindi, unga wa ngano na mafuta ya kula tangu 2011, na hilo ni jambo jema kwa vyakula vya msingi. Biskuti yenye sukari gramu 30 na chuma kidogo cha kuongezwa inabaki biskuti yenye sukari gramu 30. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na sheria yake ya 2006 ikaagiza wasifu upangwe ifikapo 2009 ili bidhaa mbovu zisijisifu kwa vitamini. Mabishano ya kibiashara yakaizuia, na wasifu huo haukupangwa. Somo hilo ni la kuchukuliwa mapema: sifa kama «chenye vitamini» zifungwe kwenye alama tangu mwanzo.

Tena, sehemu kubwa ya mlo wa Morogoro haina pakiti. Chipsi mayai, maandazi, supu ya asubuhi na mboga za Soko Kuu la Chifu Kingalu haziguswi na lebo yoyote. Mboga hazihitaji kuguswa. Chipsi na maandazi hufikiwa kwa njia ya mafuta na chumvi vinavyouzwa kwa mama lishe na wakaanga chipsi, kwa mfano kwa kuweka ukomo wa mafuta yaliyogandishwa kiwandani, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka asidi zake hatari zisizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta.

Kuhusu miwa, hofu ya wakulima wa Kilombero na Mtibwa kwamba soko lao litapungua inastahili kujibiwa. Nchi imekuwa ikiagiza sukari kutoka nje katika miaka mingi ili kuziba pengo la uzalishaji, kwa hiyo soda ikipungua sukari, kinachopungua kwanza ni mahitaji ya kuagiza. Ratiba nayo ina uzito kuliko ukali wa viwango. Chile ilitoa miaka minne kati ya sheria na utekelezaji, kisha ikakaza ukomo kwa awamu tatu hadi 2019, na biashara ndogo zikapewa muda zaidi kuliko kampuni kubwa. Kwa msindikaji wa Morogoro anayenunua vifungashio vya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, muda huo ndio unaoamua kama atabadili mapishi au atafunga kiwanda, na gharama ya kipimo cha kwanza cha maabara ingefaa ibebwe na mapato ya kodi ya vinywaji baridi.